Kochi la Victoria

Kwa Mama Tryphosa, pale barabara ya stesheni inapokutana na ya sokoni, kuna benchi moja tu, nalo lina mguu mfupi, kwa hiyo anayekaa mwisho hunywa kahawa yake akiwa amejikaza. Benchi hilo limesikia mengi. Lilisikia Uhuru ukija, likasikia wazungu wa Uasin Gishu wakifungasha vyombo, na tangu hapo halijasikia kitu kingine ila mashamba: nani amepata, nani amenyang'anywa, kampuni gani imeliwa na wenyeviti wake. Lakini Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na moja, aliyepita hapo angedhani watu wa kona ile wameukata, wamekuwa matajiri. Kando ya benchi, juu ya vumbi na mabunzi ya mahindi, palikuwa na kochi. Kochi la ngozi, la rangi ya chai bila maziwa, lenye mikono mipana ambayo mtoto angeweza kulala juu yake. Na katikati ya kochi, peke yake, koti limejaa vumbi na kofia magotini, alikuwa amekaa Gathogo, mtu aliyechoka kuliko watu wote wa Eldoret siku hiyo.

Wenzake humwita Fomeni, kwa sababu miaka mingi alikuwa nyapara katika shamba la Bwana Haraka, huko upande wa Moi's Bridge, enzi zile daraja likiwa bado na jina la mzungu. Bwana Haraka ni jina alilopewa na wafanyakazi. Lile la kuzaliwa liliwashinda kulitamka. Baada ya Uhuru alirudi kwao Uingereza, akamwachia meneja shamba, na wafanyakazi wake wa zamani wakajiunga na watu wengine wakaunda kampuni ili walinunue. Wakachanga mpaka wakakauka. Mwishowe loya akaleta habari: mzee yuko tayari kuuza, ila ana sharti moja. Fomeni aende London mwenyewe, waonane uso kwa uso, ndipo atie sahihi. Siku ni Alhamisi. Alhamisi ikipita bila Fomeni, shamba litachukuliwa na mheshimiwa mmoja wa Nairobi mwenye gari jeusi. Kampuni ikamkatia Gathogo tiketi ya ndege. Ndipo Bwana Haraka akapiga simu, na simu hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu.

— Hebu rudia, akasema Phineas. Pole pole. Memba wa kampuni wanakutana saa tisa hapo kanisani, na lazima uwe na kitu ya kuwaambia.

Phineas ni karani wa ghala la mahindi, lakini hapo kwa benchi jina lake ni Redio, kwa sababu akishaanza hana mahali pa kuzimiwa. Hakuwa na hisa katika kampuni. Kwa hiyo habari yote ilikuwa tamu kwake.

— Nimerudia mpaka koo inauma, Gathogo akasema.

— Rudia ya mwisho.

— Niliitwa posta. Simu ya ng'ambo. Ilikuwa inalia vuuu, kama mvua kwa mabati. Nikasikia sauti yake. Mimi hata wakinizika leo, hiyo sauti nitaijua. Akasema maneno mengi, upepo ukachukua. Nikashika haya tu: kochi, Victoria, nitakungoja hapo, usichelewe.

— Kwa Kizungu?

— Kwa Kizungu. "Teki ze kochi tu Victoria." Sasa hapo kuna ugumu gani? Chukua kochi, peleka Victoria.

— Na wewe ukasema nini?

— Nikasema yes, Bwana.

Kamati ya kampuni ilikaa juu ya maneno hayo jioni nzima. Kochi ni kochi, kila nyumba yenye kujiweza inalo, na kochi la Bwana Haraka lilikuwa bado pale sebuleni alipoliacha. Victoria nayo ni ziwa, hata mtoto wa shule anajua. Basi mzee amerudi nchini kimya kimya, yuko Kisumu, anataka kochi lake kwanza ndipo mambo ya shamba yafuate. Walishukuru Mungu kwamba Fomeni hatapanda tena ndege. Tiketi ikarudishwa kwa wenye ndege. Wakakodi lori la kubeba mahindi, wakalipakia kochi, na Gathogo akaenda kukaa juu yake pale bandarini Kisumu kuanzia Jumatano hadi Ijumaa. Alikula juu yake, akalala juu yake, na wapita njia wakamwuliza bei. Mzungu pekee aliyetokea alikuwa padre, naye alitaka kujua kama kochi limeibiwa. Mwishowe askari wa bandari wakamfukuza.

Lori lilipomrudisha asubuhi hiyo, dereva alitaka kumpeleka mpaka nyumbani Munyaka, na Gathogo akakataa. Wangari, mkewe, alikuwa amekwisha kufunga vyombo. Sufuria moja tu ndiyo ilikuwa bado nje ya magunia. Alikuwa amewaaga majirani, akamwambia mama mwenye nyumba kwamba mwezi ujao hawapo, na mbegu za viazi alizozichagua moja moja zilikuwa chini ya kitanda zikingoja udongo wao wenyewe. Gathogo alimwona moyoni akiwa amesimama mlangoni, na hakuweza. Ndiyo maana alishukia kwa kahawa.

— Mzee Khisa, akasema, njoo ukae hapa. Nafasi ni kubwa.

— Hapa panatosha, akajibu Khisa kutoka mwisho wa benchi, kwenye mguu mfupi.

— Hiyo benchi itakumwaga.

— Nimeizoea.

Khisa alikuwa mpishi katika nyumba ile ile ya Bwana Haraka, na jina lake la kijiwe ni Pudini. Kochi hilo alilisugua kwa mafuta kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Mikono yake ilijua kila mshono wake. Makalio yake hayakuwa na habari nalo hata kidogo, na hata sasa, kochi likiwa barabarani na mwenyewe akiwa hajulikani aliko, Khisa hakutaka kuanza mazoea mapya uzeeni.

— Mimi nawaambia alikuja, Phineas akasema. Alikuja, akaona kochi kwa mbali. Hebu tazama hapa kwa mkono. Kuna alama ya sigara. Hii iliachwa na meneja. Mzungu akiona kitu yake imechomwa, hasemi. Anageuka tu.

— Alama ni yake mwenyewe, akasema Khisa. Usiku wa Krismasi. Mimi ndiye nilizima.

— Basi si hiyo.

— Makosa yenu ni Victoria, Khisa akaendelea, akiteremsha sauti kama mtu aliye karibu na mlango wa sebule. Mlikimbilia ziwa. Nani aliwaambia ni ziwa? Victoria ni jina ya mwanamke.

— Mwanamke yupi?

— Mama yake mzazi. Alizikwa hapa hapa, kwa makaburi ya wazungu. Memsahibu mkubwa. Alikuwa anapenda kukaa hapo kwa kochi akifuma. Sasa mtoto amekuwa mzee, ameota ndoto, anataka kochi ya mama iwekwe kwa kaburi. Akasema nitakungoja hapo. Unaona? Kwa kaburi.

— Aliitwa Victoria? Mama Tryphosa akauliza. Alikuwa akipuliza makaa chini ya birika, lakini masikio hayakuwa kwa makaa. Yeye naye alikuwa memba. Vikombe vyote alivyouza tangu mwaka juzi vilikuwa ndani ya shamba lile.

— Sikumbuki aliitwaje. Tulimwita Memsahibu.

— Mayoo! Sasa unatupeleka kwa kaburi ya mtu hata jina hujui.

Phineas alikuwa ameshapata mawimbi mengine.

— Ngojeni. Ngojeni nyinyi. Kuna Victoria ingine. Maporomoko. Iko kule kusini, Rodesia, kule wazungu wamekataa kutoa uhuru. Na wazungu wa hapa waliokasirika walienda wapi? Si huko! Bwana Haraka hakuenda Uingereza. Alidanganya loya. Yuko Rodesia, anapanda tumbaku, na ako na nyumba mpya, haina viti.

— Kochi ifike Rodesia na lori? Gathogo akauliza.

— Kwani barabara iko na mwisho?

— Na Alhamisi?

— Alhamisi ya huko inaweza kuwa tofauti.

Gathogo alifunga macho. Angekuwa na nguvu angecheka. Mifupa ilikuwa inamwuma kwa baridi ya ziwa na kutikiswa na lori, lakini uchovu wenyewe haukuwa wa mifupa. Ulikuwa wa mikutano. Alichoka na kusimama mbele ya watu kuwaambia bado kidogo, wakipiga makofi, wakirudi kuchanga tena. Safari hii hakuwa hata na bado kidogo ya kuwapa.

— Mimi nitawaambia ukweli, akasema. Sikumpata.

— Huwezi kusema hivyo, Phineas akamkatiza. Watakula wewe mbichi. Watasema umekula njama na yule wa gari jeusi. Watu wakichanga hivyo hawataki ukweli, wanataka maelezo.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Redio alikuwa amesema jambo la maana.

Mama Tryphosa akaliacha birika, akalizunguka kochi, akalipigapiga mgongoni kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

— Wanaume, akasema, mnauliza Victoria ni nani. Hamjauliza mtu mzima anatafutia nini kochi mzee hivi. Si kochi anataka. Ni kitu iko ndani.

— Kitu gani?

— Nitajua aje? Mambo ya shamba. Mhuri. Mzungu alikuwa na haraka, akashona ndani, akasahau.

— Na Victoria?

— Victoria ni malkia! Phineas akaruka, chombo kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Ebu mnyamaze niwaeleze. Haya mashamba yote yalitolewa na nani? Malkia. Yule wa kwanza kabisa, Victoria. Kila mzungu alipewa shamba na kiti. Shamba bila kiti si halali. Sasa Bwana Haraka hawezi kuuza mpaka kiti irudi kwa malkia. Ndiyo maana alisema peleka kwa Victoria! Hiyo si kochi, hiyo ni serikali!

— Malkia huyo si alikufa kitambo? akauliza Khisa.

— Serikali haifi.

Wakati wao wanabishana kama serikali inaweza kuwa na miguu minne, Mama Tryphosa alichukua kisu cha kukatia mandazi. Alimtazama Gathogo. Gathogo akainua mabega, akasogea pembeni. Kisu kikapita kwenye mshono wa nyuma ya kiti, taratibu, na mkono wa mama ukazama ndani mpaka kiwikoni. Hata wanunuzi wawili wa sokoni wakasimama kuangalia.

Yakatoka manyoya ya farasi. Likatoka ganda la njugu. Kikatoka kijiko kidogo cha chai, cha fedha, chenye ua kwenye shina.

— Ni hicho tu, akasema Mama Tryphosa.

Khisa aliinuka, benchi likainuka naye upande wake. Alikichukua kijiko, akakifuta kwa kikunjo cha shati. Gathogo alikijua. Kijiko hicho kilipopotea, Khisa alifukuzwa jikoni, akapelekwa zizini kukamua ng'ombe msimu mzima wa mvua, na watoto wake wakaimbiwa na wenzao wimbo wa mwizi. Wote wawili walijua, na hakuna aliyetaka kukieleza kijiwe. Khisa akakitia kijiko mfukoni, akarudi kukaa pale pale kwenye mguu mfupi.

— Mnauza hii kochi?

Aliyeuliza alikuwa mwanamke kijana, amevaa koti zito la sufu lisilofaa kwa jua lile, na sanduku mkononi. Alikuwa ametoka stesheni.

— Hatuuzi, Mama Tryphosa akasema, akisukuma manyoya ya farasi kwa mguu. Leo ni benchi. Keti, mama. Nikupe kahawa?

— Tafadhali. Hamjambo, wazee. Nangoja basi ya kwenda Turbo. Kwetu ni Chepsaita. Mimi ni Mary, msichana wa Nanyama.

— Na hii koti? Phineas akauliza mara moja. Hii koti haijashonwa Chepsaita.

— Natoka Uingereza. Nilikuwa huko kusomea unesi.

Phineas alimtazama Gathogo kwa jicho la mtu aliyeletewa chakula mezani. Lakini alikuwa na akili ya kutoanza na kochi. Huwezi kumwonyesha mgeni upungufu wako kabla hajamaliza kikombe cha kwanza.

— Huyu Mzee wetu hapa alikuwa karibu kwenda huko, akasema. Tulikuwa tunabishana. Ndege ikifika, inakushusha wapi? Mjini katikati?

Mary akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka jambo lililomliza.

— Mjini? Inakushusha mbali, kwa nyasi tupu. Nilidhani wamenirudisha Uasin Gishu. Hakuna nyumba, hakuna watu. Nikaona wenzangu wanaenda kwa basi, na mimi nikafuata. Nikaingia, nikasalimia. Basi yote. Hakuna mtu aliitika. Kila mtu amejificha kwa gazeti. Nikajiambia, hapa kuna msiba.

— Nani alikuwa amekufa? akauliza Khisa.

— Hakuna. Ndivyo wanavyopanda basi. Dereva akataka sanduku yangu aitie chini, kwa tumbo ya gari. Nikakataa kabisa. Nikaishika kwa magoti. Na hakuna utingo! Hakuna mtu wa kuning'inia mlangoni kuita mahali mmefika. Nikaanza kufikiria, mahali yangu ikifika nitagonga wapi? Nitapiga mluzi? Tunaenda tu, nyumba, moshi, nyumba, zote zinafanana. Nilikuwa nimechoka, nikaanza kulia. Siyo kwa sauti. Nililia kwa sababu hakuna mtu ndani ya ile gari angeniambia nimefika.

Gathogo, ambaye tangu mgeni afike hakuwa amemtazama, alimtazama sasa. Aliiona safari hiyo kama yake: yeye na kofia yake kati ya magazeti, mkono ukitafuta bodi ya gari ya kugonga.

— Na nani alikuambia? akauliza.

— Hakuna, Mzee. Ilisimama, wote wakashuka, nikashuka. Ilikuwa mwisho wake. Hiyo coach ya uwanja wa ndege inaishia pale Victoria.

Kahawa aliyokuwa akimimina Mama Tryphosa ilijaa kikombe, ikafurika, ikamwagika juu ya makaa, na hakuna aliyemwambia.

— Nini inaishia wapi? Gathogo akauliza.

— Coach. Inaishia Victoria.

— Kochi.

— Coach, Mzee. Ni basi. Basi ya safari, hivyo ndivyo wanaiita.

— Na Victoria ni...

— Stesheni. Kama hii yenu hapo chini, lakini kubwa, na watu wengi kama siku ya soko.

Redio alizimika. Watu wa kona ile watakuambia hawajawahi kuona jambo kama hilo, kabla wala baada. Khisa alikuwa ameshika mfuko wake wa shati kwa mkono mzima.

Teki ze kochi tu Victoria. Gathogo aliyasema maneno hayo kimoyomoyo, na yalikuwa yale yale, hakuna lililoongezeka wala kupungua, ila sasa yalikuwa yanamwelekeza njia. Mzee yule alikuwa ameketi huko kwao akafikiri: Gathogo hajui kule, atapotea. Akapiga simu ya gharama kubwa kumwambia apande gari gani. Ndilo jambo la upole pekee ambalo Bwana Haraka alipata kumfanyia, na yeye akalipakia juu ya lori la mahindi akalipeleka Kisumu.

— Mtu akikungoja hapo, akauliza, anangojea namna gani?

— Wanasimama tu pale mabasi yanapofika. Wanatazama kila mtu anayeshuka. Kama hujashuka, wanangoja ingine.

Gathogo alimwona Bwana Haraka, mzee sasa, na fimbo yake, akitazama milango ya mabasi siku nzima ya Alhamisi, uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta uso mweusi anaoujua. Alimhurumia. Kisha akakasirika kwa kumhurumia, maana mtu huyo hakuwahi kumngoja yeye hata dakika moja miaka yote ile. Na chini ya hasira kulikuwa na shamba, bonde lote la mto mpaka kwenye mikaratusi, likiingia taratibu ndani ya gari jeusi.

Ikabidi Mary aelezwe. Mama Tryphosa ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache, akionyesha kochi kwa kisu cha mandazi. Kijiwe kilikuwa tayari kuchekwa. Mary hakucheka. Aliinamisha kichwa, akafikiri, kisha akauliza kwa adabu, kama muuguzi anayemwuliza mgonjwa alianza kuumwa lini:

— Lakini Mzee, alipokuambia hivyo, mbona hukumwuliza? Kochi gani, Victoria gani?

— Laini ilikuwa mbaya, akasema Phineas.

— Si ndiyo sababu ya kuuliza?

Phineas akafungua gazeti alilokuwa amelikalia, akalisoma upande wa matangazo ya mashine za kukamulia ng'ombe. Khisa akatazama viatu. Mama Tryphosa akapata kazi kwa makaa, ingawa makaa yalikuwa yamezimwa na kahawa. Kila mmoja alikuwa na yes Bwana yake mahali fulani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitoa.

Gathogo alikuwa mtu wa kuuliza. Alimwuliza chifu, alimwuliza D.O., alimwuliza loya mpaka loya akamkimbia, na alimwuliza Mungu mengi sana katika miaka ya Hali ya Hatari. Lakini sauti ile ya Bwana Haraka ilikuwa na mlango wake mwenyewe ndani yake. Ikisikika tu, mdomo ulijibu kabla sikio halijamaliza. Alikuwa amesimama posta ya nchi huru, mjumbe wa watu wanaonunua shamba la mtu yule, amevua kofia mbele ya simu. Sasa utamweleza nini msichana aliyepanda basi peke yake akilia na bado akafika? Aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka machoni.

Upande wa sokoni walikuwa wanakuja watu waliovaa nguo za Jumapili siku ya Jumamosi. Memba. Walikuwa wamesikia kwamba lori limerudi, na hawakungoja saa tisa. Wanawake walitangulia, na mbele yao, amefunga kitambaa cheupe, alikuwa Wangari.

Hakulitazama kochi, wala tumbo lake lililopasuliwa. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akampa Mary mkono, kisha akamkung'uta mumewe vumbi begani kwa kiganja, kama afanyavyo kila akirudi kutoka mbali. Wengine wakajipanga nyuma yake nusu duara.

— Pole na safari, Baba Nduta, akasema. Haya, tuambie. Huyo mzungu alisema nini?

Gathogo alisimama, akavaa kofia, akafungua mdomo kumjibu, akatambua kwamba zaidi ya basi na stesheni, yale mengi yaliyochukuliwa na upepo mpaka saa hiyo hayajui.